Merikebu za Angani Juu ya Kedong
Mtunzi chipukizi anapowazia dola zenye merikebu za angani, aghalabu hukimbilia London. Kwa nini asianzie Ewuaso Kedong? Novemba 1917 Wajerumani walirusha chombo L 59 kutoka Bulgaria, kiwapelekee askari wao wa Afrika Mashariki silaha na dawa; kikageuzwa kikiwa Sudani. Mwaka 1970 setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka bahari ya Malindi. Vyombo, basi, havikukosekana. Kiini ni ardhi. Mwaka 1913 Wamaasai walishtaki kupinga mkataba wa 1911 uliowaondoa Laikipia. Kesi ikatupwa kwa kuwa, eti, walikuwa wageni kwa dola ya Uingereza! Laiti neno hilo lingalishikwa hadi mwisho, kila rubani angaliomba idhini ya Wamaasai kabla ya kuvuka anga ya Kedong.