Daftari la Mbwa na Esese wa Kisii

Sisi watu wa pwani hatuna mazoea ya kumweka mbwa chumbani. Lakini wa kuwinda na wa kulinda tumeruhusiwa, na Suratul-Maida, aya ya 4, yataja wanyama waliofunzwa kuwinda. Basi habari yake yatuhusu.

Kisii na Nyamira ni nchi ya vilima, watu wengi na mashamba madogo. Mfugaji wa huko humchagulia ng'ombe wake mbegu ya fahali bora kutoka kituo cha Kabete. Mbwa wake, esese, alindaye boma usiku kucha, humwacha azae ovyo. Wana wawili hupewa jirani. Waliosalia hutupwa njiani wakawa koko.

Nairobi kuna chama, East Africa Kennel Club, kinachoandikisha mbwa wa nasaba. Asili ya vyama hivi ni London, mwaka 1873. Faida yake ni kubwa: daftari huonyesha wazazi, ndugu wasipandishane, na mnunuzi akajua anunuacho. Ila esese hamo daftarini.

Hapo ndipo penye kasoro, kwani kichaa cha mbwa hakiulizi nasaba. Mpango wa Kenya wa 2014 wakusudia ugonjwa huo usiue mtu ifikapo 2030, kwa kuchanja mbwa 70 katika kila 100. Kila uzao usiopangwa waongeza wasiochanjwa.

Chama na kishuke vijijini, kifundishe kuhasi na kuchanja. Tumesimuliwa kwamba aliyemnywesha mbwa mwenye kiu alisamehewa. Je, amwachaye azae, kisha akawatupa wanawe, atajibu nini?