Nyuso Zetu Katika Senema

Vijana wetu wa Bukoba na Muleba siku hizi wanapiga picha za senema kwa bidii: harusi, ngoma, michezo ya kuigiza na masimulizi ya wazee. Bidii hiyo twaisifu. Lakini hatuna budi kusema wazi jambo moja linalotukera. Mara nyingi mno tukitazama picha hizo twaona anga jeupe, twaona ziwa likimetameta, twaona hata kanzu ya bwana harusi. Uso wa mtu hatuuoni. Mzee anasimulia habari za ukoo wake, kumbe anayesimulia ni kivuli.

Kosa si la ngozi yetu. Kamera inayojipimia mwanga hutafuta wastani wa vyote vilivyo mbele yake. Ikiona Ziwa Viktoria linawaka nyuma ya mtu, hupunguza mwanga wote, na uso ukazama. Tena tusisahau kwamba kwa miaka mingi filamu za rangi za Kodak zilisawazishwa kwa picha za wanawake weupe, na kati ya malalamiko yaliyoisukuma kampuni hiyo kuzirekebisha yalikuwamo ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Chokoleti ilisikilizwa; mtu mweusi alikuwa bado anangoja.

Wengi hudhani dawa ni kununua taa kali. Mafundi wa senema hawaanzi hivyo. Wao huuliza kwanza: mwanga watoka wapi, nao waangukia upande gani wa uso? Ngozi nyeusi haidai kumwagiwa mwanga. Yadai mwanga mpana, uliolainishwa, utokao ubavuni, ili shavu na paji vipate mng'ao na umbo la uso lionekane. Na kipimo huchukuliwa usoni, si angani.

Chukueni msonge, ile nyumba ya nyasi ya Wahaya, ambayo sasa imebaki michache. Haina madirisha, mlango ndio taa yake. Fundi atamketisha bibi hatua chache ndani ya mlango, ubavu mmoja ukielekea nje, na upande wa pili ataweka shuka jeupe lirudishe mwanga kidogo. Pembe za nyumba ataziacha gizani, maana ndivyo zilivyo. Mwenye kuingiza taa nne humo atapata picha ya taa zake, si ya msonge.

Kibanjani, chini ya migomba, mwanga huja kwa madoa, tena hubeba ukijani wa majani hadi usoni. Kitambaa chepesi cheupe kikifungwa juu huyayeyusha madoa hayo. Saa sita mchana, jua likiwa karibu na utosi, macho hugeuka mashimo. Afadhali watu wale chakula. Alfajiri ya Bukoba, jua litokeapo ziwani, ni njema kupita kiasi lakini haikawii kupita, basi waigizaji wawe wamekwisha kufanya mazoezi kabla hakujapambazuka. Na usiku, wavuvi wa dagaa wa Muleba watufundishe: taa moja juu ya maji, bega la mvuvi likang'aa ukingoni, na usiku wote umeelezwa.

Halmashauri zetu hutoa mikopo kwa vikundi vya vijana. Kikundi kikija kuomba fedha za kamera na taa, twashauri kiulizwe kwanza kilete picha moja: bibi ameketi mlangoni mwa msonge, saa nne asubuhi, bila taa yoyote, kwa shuka moja jeupe.