NYUMBA YETU: Tazama Mshono Kabla ya Mng'aro

Tangu mwaka 2016, Serikali ya Rwanda ilipopandisha ushuru wa nguo na viatu vya mitumba, kiatu cha ngozi si kitu cha kununuliwa kwa pupa. Hapa Kanombe, ambako buti la askari na kiatu cha mwanafunzi hukanyaga tope jekundu toka Machi hadi Mei, jozi mbovu huila fedha ya nyumba mara mbili kwa mwaka.

Kwanza, chunguzeni namna soli ilivyounganishwa. Kiatu kilichoshonwa kwa kanuni ya zamani kina ukanda mwembamba wa ngozi ukingoni. Ukanda huo hushonwa pamoja na ngozi ya juu na soli ya ndani. Kisha soli ya nje hushonwa kwenye ukanda. Mashine ya kazi hiyo iliendelezwa miaka ya 1870 na Charles Goodyear Mdogo wa Marekani. Faida yake ni hii: soli ikilika, fundi hukata mshono wa nje tu, akashona soli mpya bila kuigusa ngozi ya juu. Kiatu cha gundi kikishaachama, matengenezo yake hayadumu. Tena jihadharini na nyuzi za bandia: papaseni kwa ukucha, uzi wa kweli huingia na kutoka, wa bandia ni mpira uliochorwa.

Pili, tazameni panapofungwa kamba. Mabawa ya kamba yakishonwa juu ya ngozi ya mbele, kiatu hufunguka wazi, na mguu uliovimba kwa gwaride au zamu ndefu hupata nafasi. Mtindo huu una jina la Jemadari Blücher wa Prussia, aliyepigana Waterloo mwaka 1815. Mabawa yakishonwa chini ya ngozi ya mbele, kiatu hukaza na kupendeza. Hicho ni cha sherehe.

Tatu, ulimi wa buti ushonwe pande zote mbili, upate kuzuia maji na mchanga.

Kiatu kilicholowa kisianikwe karibu na moto, kwani ngozi itapasuka. Kijazeni magazeti makavu, kikae kivulini kutwa kucha, ndipo kipakwe dawa.

Rahisi ghali, walisema wahenga. Basi akina mama na akina baba, kabla ya kuuliza bei, kigeuzeni kiatu, mkitazame chini.