Chuo cha mjini au cha kampasi? Hesabu ya mzazi wa Bariadi

KILA mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa mwezi Julai, nyumba nyingi za Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega huingia katika mjadala usiokwisha kwa usiku mmoja. Kijana amefaulu, na huenda vyuo viwili au vitatu vimempokea. Anatakiwa athibitishe kimoja. Mjomba aliyewahi kufika Dar es Salaam anashauri jiji, kwa kuwa huko ndiko kwenye kazi. Mama anauliza swali moja tu: mtoto atalala wapi?

Swali la mama ndilo lenye uzito, ingawa katika mijadala mingi ya elimu ya juu huwekwa mwisho.

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumega maeneo ya Shinyanga na Mwanza, hauna chuo kikuu kamili chenye makao yake makuu mkoani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya vijana wake hulazimika kusafiri. Mbele yao kuna vyuo vya aina mbili. Kuna chuo cha mjini, ambacho madarasa yake yamezungukwa na maofisi, masoko na nyumba za kupanga. Mfano ulio wazi ni Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), kilichopo katikati ya Dar es Salaam tangu kilipoanzishwa mwaka 1972. Kuna pia chuo cha kampasi, kilichojitenga katika eneo lake chenyewe, kikiwa na mabweni, bwalo, zahanati na viwanja vya michezo. Ndivyo kilivyo Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), kilichoanza mwaka 2007, na ndivyo kilivyo Chuo Kikuu Mzumbe nje ya mji wa Morogoro.

Hata hivyo, mpaka kati ya aina hizi mbili haukai mahali pamoja. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 mjini kabisa, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani, wakati huo pembezoni mwa jiji. Leo jiji limekimeza kilima hicho. Pande zote kuna Sinza, Mwenge, Ubungo, Makongo na Changanyikeni, na tangu mwaka 2006 kituo kikubwa cha biashara cha Mlimani City kinafanya kazi katika ardhi ya chuo chenyewe. Dodoma nayo inafuata njia hiyo hiyo. Serikali ilianza kuhamia huko mwaka 2016, na mwaka 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji. Mzazi anayechagua kwa kuangalia ramani pekee anaweza kujikuta amechagua picha ya zamani.

Kinachobaki kuwa tofauti ya kweli ni kitanda. Je, mwanafunzi atalala ndani ya chuo au mtaani?

Hapo ndipo hesabu ya mkulima wa pamba inapoingia. Simiyu ndiyo inayoongoza kwa kilimo cha pamba nchini, na fedha za zao hilo huingia baada ya msimu wa ununuzi kufunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei. Vyuo vikuu hufungua mwaka wa masomo kati ya Oktoba na Novemba, wakati kaya inanunua mbegu na kuandaa mashamba kwa msimu mpya. Fedha ya mauzo imekwisha kugawanywa, na mavuno mengine yako mbali. Tena mauzo yenyewe hayana uhakika. Msimu wa mwaka 2019, bei elekezi ya shilingi 1,200 kwa kilo ilipokutana na kuporomoka kwa bei katika soko la dunia, wakulima wengi walikaa miezi kadhaa wakisubiri malipo yao.

Upande wa pili yupo mwenye nyumba wa jijini. Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, mpangaji mpya hudaiwa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, hautoki kwa mtindo huo. Posho ya chakula na malazi, iliyopandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, hulipwa kwa awamu, baada ya mwanafunzi kufika na kusajiliwa. Kwa mwezi wa siku 30 ni shilingi 300,000, na humo mna chumba, chakula na nauli ya daladala. Aidha, si kila mwombaji hupata mkopo, wala si kila aliyepata hupewa kiwango kamili.

Ni dhahiri kwamba tatizo la mzazi wa Bariadi si ukubwa wa fedha pekee, bali pia wakati wake. Kodi hutangulia, bumu hufuata. Pengo hilo ndilo linalouza ng'ombe kwa bei ya kutupa, ndilo linalokusanya vijana wanne au watano katika chumba kimoja cha geto, na ndilo linalomweka binti mgeni wa jiji katika mikono ya wafadhili asiowajua.

Bweni la chuo huziba sehemu kubwa ya pengo hilo, kwa kuwa ada yake ni ndogo kuliko kodi ya mtaani na haidai nauli ya kila siku. Ndiyo maana mabweni yaliyofunguliwa Mlimani mwezi Aprili 2017, yenye nafasi za wanafunzi 3,840, yalipokewa kwa shangwe.

Pamoja na hayo, haitakuwa haki kuipamba kampasi kupita kiasi. Kujitenga kuna gharama zake. Mwanafunzi anayekaa miaka mitatu juu ya kilima akiwaona wanafunzi wenzake tu huweza kumaliza bila kuijua ofisi, mwajiri wala soko. Wa mjini huvuka barabara akaingia benki, mahakamani au katika chumba cha habari, na mara nyingi nafasi ya mafunzo kwa vitendo huanzia kwa mtu uliyefahamiana naye.

Kozi nayo ina sauti yake. Anayesomea udaktari hana budi kuwa karibu na hospitali kubwa, iwe Muhimbili au Bugando, na hospitali hizo zipo majijini. Anayesomea kilimo hukuta mashamba ya mafunzo katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Katika hali hizo chaguo la mahali limeshafanywa na fani yenyewe.

Lipo pia chaguo la karibu. Mwanza si mbali tangu barabara ya Bariadi hadi Lamadi iwekwe lami, wakati Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Hata hivyo, ukaribu haufuti tatizo la chumba. Wanafunzi wengi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino hupanga Malimbe na mitaa ya jirani, kama wenzao wa Dar es Salaam wanavyopanga Sinza. Tofauti ni kwamba gunia la mchele kutoka nyumbani hufika kwa nauli ndogo.

IFM nayo imesogeza kampasi mkoani Simiyu, na mwelekeo wa miaka ya karibuni ni vyuo vya umma kujenga matawi katika mikoa isiyokuwa na chuo kikuu. Hatua hiyo inastahili pongezi, lakini kampasi bila mabweni ya kutosha ni kuhamisha geto kutoka jijini na kulileta Bariadi. Wanaopanga bajeti za majengo wanapaswa kuhesabu vitanda kabla ya kumbi za mihadhara.

Kwa mzazi, jina la chuo na taa za jiji visitangulie. Aulize kwanza kama mwaka wa kwanza amehakikishiwa nafasi ya bweni, na kama hapana, kodi ya miezi sita itatoka wapi mwezi Oktoba. Kisha aulize mafunzo ya vitendo yatafanyika wapi. Mwanafunzi aliyepata pa kulala anaweza kulifuata jiji wakati wa likizo. Aliyekosa huanza kuhangaikia chumba kabla hajafungua daftari.