KALAMU NA WATOTO WA WAFANYAKAZI



Mara nyingi twalalamika kwamba magazeti hayatujali. Mkata miwa akiumia, habari inayochapwa ni ile iliyotoka ofisini kwa maneja. Mgomo ukitokea, twasoma hasara ya kampuni, wala hatusomi kilichouleta. Yafaa tujiulize: nani amefundishwa kuandika habari zetu?

Hapa Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha uandishi wa habari mwaka 1988. Hilo ni jambo jema. Kisha ikaja sheria ya magazeti na waandishi ya mwaka 1995, inayotaka mtu awe na shahada ya chuo kikuu ndipo aandikishwe kuwa mwanachama kamili wa taasisi ya taifa ya waandishi. Jirani zetu wa Tanzania nao walitunga Sheria ya Huduma za Habari mwaka 2016, na kanuni zake za 2017 zikaweka stashahada kuwa kiwango cha chini. Kijana wa mchuma chai, aliyeacha shule kwa kukosa karo, atapitia mlango gani?

Wako wanaosema: daktari hatibu bila cheti, mbona mwandishi aandike bila cheti? Hoja hiyo ina uzito, maana habari ya uongo hudhuru watu. Lakini kutibu ni kazi ya wachache, kusema ni haki ya wote. Katiba ya Uganda, ya mwaka huohuo wa 1995, kifungu cha 29, inampa kila mtu uhuru wa kusema, pamoja na uhuru wa magazeti. Haikutaja wenye shahada peke yao.

Tukumbuke pia kwamba mwaka 1937 Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda aliyekuwa na duka Dar es Salaam, alianzisha gazeti la Kiswahili liitwalo Kwetu. Wakati huo Afrika Mashariki haikuwa na chuo cha uandishi wa habari, na bado Waafrika walipata mahali pa kusemea.

Hatusemi elimu haina maana. Kijana lazima afundishwe kuuliza pande zote mbili, kuiona karatasi kwa macho yake, kutenganisha linalosemwa na lililothibitika, kumlinda aliyempa habari, na kuijua sheria ya kashfa. Hayo yanaweza kufundishwa kazini, chini ya mwandishi mzoefu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwandishi wa mjini akifika shambani huandika kwamba mchumaji hulipwa kwa kilo, naye husema kweli. Kijana aliyekulia kambini atauliza zaidi: mizani imekata kilo ngapi kwa ajili ya kikapu na umande, na ni nani aliyeikagua?

Lakini mafunzo yasiwe jina jipya la kazi ya bure. Wako vijana wa magazeti na redio wanaolipwa kwa habari iliyotoka tu, nauli juu yao. Wengine hufanya kazi miezi mingi bila senti kwa kuwa wanaitwa wanafunzi. Kibarua ni kibarua, ashike panga au kalamu. Na mwandishi mwenye njaa ni rahisi kupokea bahasha ya tajiri.

Kwa hiyo twapendekeza hivi. Kila tawi lichague vijana wawili, mmoja wao msichana. Chama kiwalipie nauli na posho, na waandishi wazoefu waombwe kuwafundisha. Habari zao zichapwe katika kurasa hizi. Wabunge nao waelezwe kwamba sheria itambue mafunzo ya kazini sawa na ya darasani.

Na sisi viongozi tuwe tayari. Kijana akishajua kuuliza habari za mizani ya kampuni, ataulizia pia michango ya wanachama na matumizi yake. Asikatazwe. Asifukuzwe. Chama kinachoogopa maswali ya watoto wake hakiwezi kumdai maneja majibu.

Matawi yajadili jambo hili na kuleta majina.

Umoja ni nguvu.