Mkono Uliotuchora

Juma lililopita binti yangu mwenye umri wa miaka sita alinionyesha picha ya familia yetu aliyoichora. Baba, mama na watoto, sote alitupaka rangi ya waridi. Nilipomwuliza sababu, alinijibu bila kusita, "Watu wa vitabuni ndivyo walivyo." Katika kisanduku chake, kalamu ya rangi ya kahawia ilikuwa ndefu kuliko zote.

Usiku ule nilimkumbuka marehemu Tom Feelings, mchoraji Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1933, na kufariki mwaka 2003. Sikupata kumwona kwa macho. Lakini utotoni mwangu, mjomba aliyekuwa baharia alituletea kitabu chake kiitwacho Moja Means One, kilichochapishwa mwaka 1971. Maneno yake yaliandikwa na mkewe, Muriel, aliyewahi kufundisha Uganda. Kitabu hicho huwafundisha watoto wa Marekani kuhesabu kwa Kiswahili tangu moja, ambayo ni Mlima Kilimanjaro, hadi kumi. Mwaka 1974 kilifuata Jambo Means Hello, cha alfabeti ya Kiswahili. Vyote viwili vilipewa heshima katika Tuzo ya Caldecott, tuzo mashuhuri ya vitabu vya picha vya watoto huko Marekani.

Kuhesabu nilikwisha kujua. Nilichojifunza ni jambo jingine. Katika kurasa zile niliwaona watu wenye pua, midomo na nywele kama zangu, wamechorwa kwa upole na staha, nao walikuwa wazuri. Nikasadiki kuwa hata mimi nafaa kuchorwa.

Feelings aliishi Ghana kati ya mwaka 1964 na 1966. Rafiki yake mmoja wa huko alimwuliza yaliyowapata wale waliochukuliwa utumwani. Alimjibu kwa michoro. Kazi hiyo ilimchukua takriban miaka 20, hata mwaka 1995 kikatoka The Middle Passage, kitabu kinachosimulia safari ya watumwa baharini kwa picha tupu. Mkono uliochora minyororo ile ndio uliowachorea watoto furaha.

Tazama basi, mzazi mwenzangu. Mtu ambaye mababu zake walinyang'anywa lugha zao alikiona Kiswahili kuwa urithi wa kumpa mtoto. Je, sisi tulio nacho tunawapa nini watoto wetu?

Leo ni Jumapili. Keti na mwanao, fungueni vitabu vyake, mhesabu nyuso zinazofanana na yake. Mkikosa, mchoreeni moja.

Nyumbani kwangu, kitabu cha mjomba kimekwisha hamia kwa binti yangu. Kurasa zake zimechakaa pembeni, lakini kalamu ile ya kahawia sasa imeanza kupungua.