KIPANDE TWAJIVISHA WENYEWE



Sheria ya 1915 iliwalazimisha babu zetu kubeba kipande, wakakivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma: jina, alama za vidole, mshahara, jina la bwana. Harry Thuku na wenzake walikipinga, na mwaka 1922 watu waliuawa kwa risasi Nairobi wakidai Thuku afunguliwe.

Leo nani ametulazimisha? Mshahara ukiingia, mtu apiga picha karatasi yake ya mshahara na kuitia Facebook ili asifiwe. Nambari ya kitambulisho, ya kodi, ya benki, zote ziko wazi! Mwizi akizipata aweza kujifanya ndiye mwenyewe, laini ya simu ikahamishwa, na M-Pesa ikabaki tupu.

Na vile vikundi vya WhatsApp vya kazini? Msimamizi yumo, kimya kabisa, asoma nani anung'unika juu ya zamu. Kisha twashangaa barua ya onyo imetoka wapi.

Mabwana nao wasikie: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yawataka wamwambie mtu habari zake ni za kazi gani. Wasituagize kutuma picha za vitambulisho mle kikundini. Mwanachama akiagizwa hivyo, asitume. Aje kwanza kwa katibu wa tawi.